Intaneti ya nyumbani bila forfe ya simu: ulipe nini, uache nini

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alituuliza swali ambalo wengi wanalo: "Mimi nataka tu intaneti ya nyumba, watoto wasome, na mimi nimuone mutoto wangu wa Kinshasa ku video. Juu ya nini wananiuzisha na dakika za kupiga simu?" Ana haki ya kuuliza.

Telefone ya waya si shida yetu. Tangu nyaya za OCPT, ambayo leo ni SCPT, ziliponyamaza, vijana wengi wa kwetu hawajasikia hata siku moja telefone ya nyumba ikilia. Kwa hiyo hakuna wa kukulazimisha ulipe laini ya waya ndipo upate intaneti. Lakini tabia ile imerudi kwa mlango mwingine: forfe ya mchanganyiko, dakika, SMS na mega pamoja. Kama nyumbani wote mnaongea kwa WhatsApp, zile dakika mnazilipa na zinakufa mwisho wa mwezi.

Tuchukue mfano tu, bei si za mtu. Forfe moja ni dola 20, giga 30 na dakika 500. Ingine ni dola 18, giga 36, bila dakika. Gawa bei kwa giga: ya kwanza inakuja senti 67 hivi kwa giga moja, ya pili senti 50. Lakini kama papa wa nyumba anapiga sana kijijini, kwa watu wenye telefone ndogo zisizo na WhatsApp, ile ya kwanza inaweza kumfaa.

Giga ngapi zinakutosha? Fungua telefone, ingia "Paramètres", tafuta "Consommation des données", uangalie mwezi uliopita. Fanya hivyo kwa telefone zote za nyumba, ujumlishe. Inayokula sana ni video: filamu ya saa moja yenye picha safi inaweza kufika giga 3. Ujumbe wa WhatsApp haumalizi kitu.

Neno "ilimite" nalo lina mkia. Mara nyingi, ukishamaliza kiasi fulani, hawakukati, wanapunguza kasi. Uliza: kisha giga ngapi, na inashuka mpaka wapi? Ikishuka kwa kilobiti 512 kwa sekunde, kushusha giga 1 kutachukua zaidi ya saa 4. Halafu usichanganye biti na baiti. Megabiti 8 ndizo megabaiti 1. Anayekuahidi "mega 10 kwa sekunde" anakupa megabaiti 1 na kidogo.

Sasa kitu ambacho afishi haisemi: mji wetu ni wa vilima. Nyumba mbili za avenyu moja, moja inaona antena, ingine imejificha nyuma ya mlima. Mimi mwenyewe nilinunua ruta saa nne asubuhi, dukani ilikuwa inakimbia vizuri sana. Jioni nyumbani, hata picha ya profili haikufunguka. Feza ilikuwa imeshaenda. Tangu siku ile, nasema: azima kadi SIM za marafiki, za laini mbili ao tatu, uziweke moja moja kwa telefone ile ile, ukae mahali ruta itakaa, upime kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati kila mtu yuko kwa intaneti. Rudia siku tatu. Fast.com inatosha kwa kupima.

Mbele ya kulipa ruta, uliza kama inakubali kadi ya laini ingine. Kuna zile zilizofungwa. Ukitaka kuhama, inabakia pambo la meza. Uliza pia kama iko na batri ndani, maana umeme ukienda, ruta isiyo na batri inazimika nao. Ruta ya 4G haikuli umeme mwingi, batri ndogo ya sola inaibeba. Sahani ya Starlink, ambayo ARPTC iliipa ruhusa mwaka 2025, haitegemei antena ya mlimani, lakini ile ya kawaida inaweza kula wati 75 mpaka 100 muda wote iko inafanya kazi. Hesabu sola yako kwanza. Mkiwa jirani watatu kwa parseli moja, kugawana bei inakuwa na maana, mradi mkubaliane nani anashika neno la siri.

Mama wa Kadutu alipima siku tatu. Alikuta laini nzuri kwake ni ile jirani yake anatukana kila asubuhi.