Tupime Mtandao wa Simu Kijijini Kwetu

Siku hizi simu ni chombo cha kazi kwa mkulima, kama jembe. Kwa simu tunapokea pesa kutoka kwa watoto walioko mjini. Kwa simu tunauliza bei ya maharage na kahawa kabla mchuuzi hajafika. Mama mjamzito akizidiwa usiku, tunapiga namba 115 bila malipo, na mpango wa m-mama unamtafutia gari la kumpeleka hospitali. Lakini mambo hayo yote yanataka kitu kimoja: mtandao ushike.

Sisi wa Ngara na Biharamulo tunaijua shida hiyo. Ngara ni nchi ya milima na mabonde. Biharamulo ina mapori, na vijiji vingine viko mbali na vingine. Watu hupanda kilimani kutafuta mtandao. Tukilalamika tunasema, "Mtandao mbovu!" Ni kweli, lakini hayo hayatoshi. Mbovu kiasi gani? Mahali gani? Saa ngapi? Hebu tuone jinsi ya kupima.

MTANDAO UNATUFIKIAJE?

Simu ni redio ndogo. Inapeleka mawimbi kwenye mnara na kupokea mawimbi kutoka huko. Ukienda mbali na mnara, mawimbi yanapungua nguvu. Mlima ukikaa katikati, unayazuia. Bati na ukuta wa tofali navyo vinayapunguza. Ndiyo maana simu ikigoma ndani, tunatoka nje.

Vijiti vidogo vinavyoonekana juu ya kioo cha simu vinaonyesha nguvu ya mawimbi tu. Havionyeshi kasi. Unaweza kuona vijiti vyote vimejaa, na bado picha haifunguki. Kwa nini? Fikiria bomba la kijiji. Maji yapo, lakini ndoo ni nyingi na foleni ni ndefu. Mnara nao unagawa huduma kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Jioni, wengi wakiwa nyumbani na simu mkononi, kila mmoja anapata kidogo.

PROGRAMU YA KUPIMA

Zipo programu za kupima mtandao, nazo ni za bure. Mojawapo inaitwa Speedtest. Inataka simu janja, siyo simu ya kitochi. Lakini simu janja moja au mbili zinatosha kwa kitongoji kizima. Ukibonyeza sehemu ya kuanza, itakuonyesha namba tatu:

1. Kasi ya kupokea. Ni kama maji yanavyojaza ndoo. Hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Namba kubwa ni nzuri.

2. Kasi ya kutuma. Hii ni kwa picha na sauti unazopeleka wewe. Hapa pia namba kubwa ni nzuri.

3. Muda wa kwenda na kurudi. Umefungua bomba, je, unangoja muda gani tone la kwanza litoke? Hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Hapa namba ndogo ndiyo nzuri.

Nguvu ya mawimbi nayo ina namba yake. Katika simu janja nyingi, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, kisha utafute hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Isome kama deni. Anayedaiwa 70 ana nafuu kuliko anayedaiwa 110. Kwa hiyo -70 ni mawimbi yenye nguvu, na -110 ni mawimbi dhaifu.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, kupima kunakula bando. Mtandao ukiwa na kasi, kipimo kimoja kinaweza kula makumi ya megabaiti. Usipime ovyo. Pili, sisi tulio karibu na Rusumo na Kabanga tuko mpakani. Mawimbi hayajui mpaka. Simu inaweza kunasa mnara wa Rwanda au Burundi. Kabla ya kupima, soma jina la mtandao kwenye kioo. Likiwa la nchi jirani, ingia kwenye Mipangilio uchague kampuni yako mwenyewe. Hata siku ambayo hupimi fanya hivyo, maana huduma ya ng'ambo inaweza kumaliza salio.

ANDIKA KWENYE DAFTARI

Pima mahali pale pale asubuhi, mchana na jioni, kwa siku kadhaa. Pima shuleni, kwenye zahanati na sokoni. Kila mara andika tarehe, saa, mahali, kampuni ya laini, na namba ulizoona. Mahali ambapo simu haishiki kabisa, andika hivyo hivyo: "Haishiki."

Kisha daftari lisikae kabatini. Pigeni simu kwa kampuni yenu, namba 100. Lisomeni katika mkutano wa kijiji, liingie kwenye muhtasari, na diwani alipeleke halmashauri. Kampuni isipojibu, iko Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini Mwanza. Uko pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006. Kazi yake ni kusaidia kampuni kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake haiwavuti. Mwezi Mei 2023, huko Dodoma, Mfuko huo na kampuni za simu walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 nchini.

Kupima hakujengi mnara kesho. Lakini "mtandao mbovu" ni malalamiko ambayo mtu anaweza kuyapinga. "Zahanati, saa 2 usiku, siku saba mfululizo, haishiki" ni ushahidi. Tulijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu ili tuvitumie. Basi tuchukue daftari na kalamu, tuanze na zahanati.