Dharura angani: kusubiri au kutua mara moja?

Tarehe 21 Septemba mwaka 2005, ndege ya shirika la JetBlue aina ya Airbus A320 iliruka kutoka Burbank, katika jimbo la California nchini Marekani, kuelekea New York. Muda mfupi baadaye marubani waligundua kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa yamegeuka upande kwa nyuzi 90 na hayakuweza kukunjwa.

Ndege hiyo, iliyokuwa na abiria 140 na wafanyakazi 6, haikurudi chini papo hapo. Ilikaa angani kwa takriban saa tatu, huku baadhi ya abiria wakiitazama ndege yao wenyewe ikionyeshwa moja kwa moja katika televisheni zilizokuwa mbele ya viti vyao.

Waswahili husema haraka haraka haina baraka, lakini husema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Rubani anayekabiliwa na dharura hulazimika kutambua, pengine katika dakika chache tu, ni methali ipi inayomhusu.

Mpangilio wa kazi

Marubani hufundishwa kwamba jambo la kwanza ni kuidhibiti ndege, la pili ni kujua inakoelekea, na la tatu ndilo kuwasiliana na waongozaji walioko ardhini. Rubani mmoja huendelea kuirusha ndege, na mwenzake husoma hatua kwa hatua orodha ya maelekezo iliyoandaliwa kwa hitilafu hiyo.

Maisha yakiwa hatarini, neno "Mayday" hutamkwa mara tatu kwenye redio. Kwa tatizo linalohitaji msaada wa haraka lakini lisilofikia kiwango hicho, hutumika neno "pan-pan". Aidha, marubani wanaweza kuweka namba 7700 kwenye chombo cha utambulisho, nayo huwatahadharisha waongozaji kupitia rada zao.

Uzito wa mafuta

Sababu kubwa ya kusubiri huwa ni uzito. Ndege aina ya Boeing 777-300ER, kwa mfano, inaweza kuruka ikiwa na uzito wa tani zipatazo 350, ilhali kwa kawaida haitakiwi kutua ikizidi tani 250 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mafuta.

Ndege nyingi kubwa za masafa marefu zina vifaa vya kumwaga mafuta angani, ambayo yakimwagwa kutoka juu sana hugeuka mvuke kabla ya kufika ardhini. Airbus A320 haina vifaa hivyo, ndiyo maana ndege ya JetBlue ilizunguka ili mafuta yapungue.

Muda huo haukupotea bure. Ndege ilipita chini karibu na mnara wa uwanja wa Long Beach ili magurudumu yachunguzwe, kisha ukachaguliwa uwanja wa Los Angeles wenye njia ndefu za kutua. Abiria walihamishiwa viti vya nyuma, na kikosi cha zimamoto kikakaa tayari. Ilipotua, matairi ya mbele yalipasuka na moto ukaonekana, lakini hakuna aliyejeruhiwa.

Moshi hausubiri

Hali ilikuwa tofauti tarehe 2 Septemba mwaka 1998, wakati ndege ya Swissair safari namba 111 ilipokuwa ikitoka New York kwenda Geneva. Marubani walisikia harufu ngeni, wakatangaza "pan-pan" na kuelekea Halifax nchini Canada. Kisha wakageukia upande wa bahari ili kumwaga mafuta.

Dakika 21 hivi baada ya harufu hiyo, ndege ilianguka baharini na watu wote 229 wakafariki dunia. Moto ulikuwa umeenea juu ya dari, mahali wasipoweza kuuona.

Wachunguzi wa Canada walihitimisha kwamba hata kama marubani wangekwenda moja kwa moja Halifax, wasingeweza kufika kabla ya moto kuharibu mitambo. Hata hivyo, walihimiza kuwa moshi usiojulikana chanzo chake uchukuliwe kama amri ya kujiandaa kutua haraka. Katika hali kama hiyo ndege inaweza kutua ikiwa nzito kupita kiasi, kisha ikakaguliwa na mafundi.

Wajibu wa abiria

Wakati huo wote wahudumu huandaa abiria: mikanda hufungwa, na watu huonyeshwa namna ya kuinama na kukinga kichwa. Sheria za usafiri wa anga zinataka ndege kubwa ya abiria iweze kuhamwa kwa sekunde 90, huku nusu tu ya milango ikitumika.

Majaribio ya kuthibitisha muda huo hayampi mtu nafasi ya kutafuta begi lake. Ndiyo sababu wahudumu husisitiza kuwa mizigo iachwe, kwani sekunde anazotumia abiria mmoja kushusha mkoba huchukuliwa kutoka kwa aliye nyuma yake.