Bima ya Afya kwa Wote: Hoja za Pande Mbili na Maana Yake kwa Kaya za Arusha na Meru

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara kuwa na bima ya afya. Wakati muswada ukijadiliwa, takwimu za Serikali zilionesha kuwa takriban asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya aina yoyote. Wengi wa waliosalia walilipa fedha taslimu walipougua.

Kwa watumishi wa umma mkoani Arusha mabadiliko si makubwa. Tangu mwaka 2001 huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Suala zito linawahusu wakulima wa kahawa na migomba katika miteremko ya Mlima Meru, wafanyabiashara wa masoko ya Tengeru na Ngaramtoni, madereva wa bodaboda na wapagazi wa watalii. Hawa hawana mshahara wa kukatwa, na wengi hawana mwajiri wa kuwachangia.

Ilikotoka hoja ya kuchangia

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, huduma katika vituo vya umma zilitolewa bila malipo, na mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku. Uchumi ulipoyumba, dawa na vifaa vilipungua. Hospitali binafsi ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu ukaanza mwaka 1993. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza baadaye kwa ajili ya kaya zisizo na ajira rasmi. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita katika mikoa mingi ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Hoja za wanaounga mkono

Hoja ya kwanza ni kinga dhidi ya umaskini. Upasuaji mmoja wa dharura unaweza kuilazimu kaya kuuza ng'ombe au kuweka shamba rehani. Michango midogo ya wengi hugawana mzigo ambao mmoja hawezi kuubeba.

Hoja ya pili inahusu ulazima. Bima ya hiari huwavutia zaidi wale ambao tayari wanaumwa. Mfano wa karibu ni Toto Afya Kadi, iliyomwezesha mzazi kumkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwezi Machi 2023 NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ikieleza kuwa wengi waliandikishwa wakiwa tayari wagonjwa na gharama za matibabu zilizidi mno michango. Mfuko ambao wenye afya wanaukwepa hauwezi kudumu.

Hoja ya tatu ni ya wasio na uwezo. Muswada uliwasilishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022 na kuahirishwa zaidi ya mara moja, sababu kubwa ikiwa ni chanzo cha fedha za kuwalipia kaya maskini. Sheria iliyopitishwa inaanzisha mfuko maalumu kwa ajili yao, na miongoni mwa vyanzo vyake ni sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi.

Hoja za wenye mashaka

Shaka kuu ni kiwango. Mapendekezo yaliyojadiliwa mwaka 2022 yalitaja shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja. Kiasi cha kaya ni zaidi ya mara 11 ya mchango wa CHF. Kwa mkulima anayepata fedha msimu wa kahawa, au mpagazi anayekosa kazi wakati wa masika, ugumu hauko katika jumla ya mwaka pekee, bali pia katika kulipa kwa mkupuo.

Shaka ya pili ni utambuzi wa wasio na uwezo. Kati ya maskini anayelipiwa na mfanyakazi mwenye mshahara wako wengi wenye kipato kidogo kisichotabirika. Orodha isiyo ya haki itawaacha baadhi yao nje ya pande zote mbili.

Shaka ya tatu ni huduma yenyewe. Mwanachama anayefika zahanati na kuambiwa akanunue dawa duka la jirani hulipa mara mbili, na mwaka unaofuata hatalipa kwa moyo. Aidha, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama, zikidai bei hazilingani na gharama. Jambo hili lina uzito Meru na Arusha, ambako hospitali za mashirika ya dini, kama Nkoaranga na Selian, zimehudumia wananchi sambamba na za Serikali kwa miaka mingi.

Pande mbili zinapokutana

Pande zote mbili zinakubaliana kuwa kulipa wakati wa kuugua ni mzigo mzito kwa kaya. Zinatofautiana juu ya kipi kitangulie: mchango au imani. Bila michango vituo havipati fedha za uhakika za dawa. Bila dawa wananchi hawaoni sababu ya kuchangia. Kwa hiyo utekelezaji wa Sheria utapimwa kwa mambo matatu: kiwango kinachoendana na kipato cha msimu, orodha ya haki ya wanaolipiwa, na dawa kupatikana katika zahanati za vijiji.

Wananchi wanashauriwa kuhudhuria mikutano ya vijiji na mitaa ambako kaya zisizo na uwezo hujadiliwa, na kupata ufafanuzi kwa watendaji wa vijiji na mitaa, maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au ofisi ya NHIF Mkoa wa Arusha.