Sabufa sebuleni: besi tamu, mtoto alale

Jumamosi jioni baba anaingia na sabufa mpya. Anaisukuma kwenye kona, anafungulia besi mpaka mwisho, vyombo vinatetemeka kabatini. Chumba cha pili, mtoto aliyekuwa amelala anaanza kulia.

Mara nyingi kosa si la sabufa, bali namna ilivyopatanishwa na spika za kawaida. Kazi yake ni sauti nzito za chini tu. Maneno na ala nyingine ziachie spika. Kama ina kitufe cha kugawa sauti, anzia karibu na Hz 80. Ukipandisha sana, sabufa na spika zitatoa sauti ileile na besi itavimba.

Kona huongeza besi, kwa hiyo isogeze kidogo. Kisha ipunguze hadi usitambue inatokea wapi. Usiiegemeze kwenye ukuta unaopakana na chumba cha watoto, kwani besi hupenya ukuta kirahisi kuliko sauti nyembamba.

Kwa simu na vifaa vya kusikilizia muziki, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Watu wazima 80. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Chembe hai za kusikia zikifa, hazioti tena.

Hamna kipimo nyumbani? Mkikaa kochi moja na mkalazimika kupaza sauti ili msikilizane, punguzeni muziki.