Mdogo wangu, usiuze mikorosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mdogo wangu wa Chiwata, Masasi, anayetaka kuuza mikorosho aliyotuachia baba ili anifuate huku Louisville, Marekani, mji alikozaliwa Muhammad Ali mwaka 1942.

Kosa ni langu. Nilituma picha nimeegemea gari, sikusema ni la mkopo. Huku bila gari kazini hufiki kwa wakati, maana mabasi ni machache. Mshahara ni mzuri, lakini kodi ya nyumba na bili huumeza karibu wote. Jirani hunipungia mkono, haulizi nimeamkaje. Kiswahili nakipata kwa Wakongo waliokimbia vita.

Njoo ukipata masomo au kazi, lakini mikorosho usiiuze. Nikiachishwa kazi, nitarudi kwenye hiyo hiyo.

Mwana wa Chiwata,
Louisville, Marekani.