Neema na kadi ya ahadi

Alfajiri ya Jumapili ya Pasaka, kabla hakujapambazuka, Wamoravian wa Mbeya na Rungwe huenda makaburini. Hawaendi kulia. Huimba, penye kikundi cha tarumbeta hupulizwa tarumbeta, mchungaji huongoza ibada ya ufufuo katikati ya makaburi, na jua likichomoza watu hupeana mikono ya heri. Desturi hiyo imetoka Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani, ambako mwaka 1722 kabaila mmoja mcha Mungu, Zinzendorf, aliwapa hifadhi wakimbizi wa dini kutoka Moravia. Mwaka 1732 vijana wa pale walipanda kilima cha makaburi alfajiri ya Pasaka wakamsifu Bwana aliyefufuka kwa nyimbo. Mawe ya makaburi yao ni bapa na yanafanana, liwe la tajiri au la fundi viatu. (Makaburi ya familia ya Zinzendorf ni makubwa kuliko mengine, hata penye usawa kabaila hakosi nafasi yake.)

Kwa nini sikukuu kubwa kuliko zote ianzie makaburini badala ya altareni? Jibu liko katika waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 5 hadi ya 8, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo wengi tunapoteleza. Tumezoea kuichukua neema kama huruma ya mwalimu anayemwongezea mwanafunzi alama mbili ili asirudie darasa. Paulo hazungumzii alama. Kwake dhambi na mauti ni watawala: viliingia duniani kupitia mtu mmoja, vikakalia kiti, na binadamu wote wakawa raia wao, hata wale ambao hawajawahi kuisikia sheria ya Musa. Dhambi ina malipo yake, nayo ni mauti. Mungu hashindani nayo kwa kulipa zaidi. Anatoa bure. Kwa Kristo kufa na kufufuka, utawala umebadilika, na aliyebatizwa amehamishwa chini ya mtawala mwingine. Ndiyo maana dhambi na mauti haviachani katika fundisho hili: ukimwambia mtu kwamba amesamehewa, kisha ukamwacha akiishi kwa hofu ya kaburi, umempa nusu ya habari.

Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe wakiongozwa na Theodor Meyer, na mwaka huohuo Shirika la Misioni la Berlin, likiongozwa na Alexander Merensky, likaanza kazi upande wa Konde, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wote walikuwa warithi wa Martin Luther, mtawa wa karne ya 16 aliyekosa usingizi kwa swali moja: mimi mwenye dhambi nitasimamaje mbele ya Mungu mwenye haki? Ni swali la dhamiri ya mtu aliye peke yake chumbani.

Huku Rungwe mtu hakuwa peke yake. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kuanzia 1934, waliandika kwa kirefu jinsi hasira iliyofichwa moyoni mwa mzee, ndugu au jirani ilivyoaminiwa kuleta ugonjwa nyumbani. Dawa yake ilikuwa kusema: mwenye kinyongo akitoe mdomoni mbele ya wenzake, ndipo tambiko lifae. Na mtu akifa, swali lilikuwa nani. Maiti ingeweza kupasuliwa kutafuta dalili za uchawi tumboni, na mtuhumiwa kunyweshwa mwavi, sumu ya kupima kama ana hatia. Kisha yalifuata matambiko marefu ya kumtenga marehemu na walio hai, maana mfu asiyetengwa vizuri ni hatari kwa wanaobaki.

Maoni yangu ni kwamba injili ya Luther ingebaki chumbani kama isingekutana na swali hilo la nani. Kwa Mnyakyusa wa kizazi cha kwanza cha Ukristo, habari kwamba Kristo ameishinda mauti haikuwa faraja ya moyoni tu. Ilikuwa na matokeo barazani: kifo hiki hakina mdai. Hakuna jirani wa kunyweshwa mwavi, hakuna deni ambalo ukoo wa pili unapaswa kulilipa. Godfrey Wilson, katika makala yake ya mwaka 1939 kuhusu maziko ya Wanyakyusa, aliiona tofauti hiyo kwa macho: upande mmoja ngoma na wanaume wakicheza kwa mikuki, upande mwingine Wakristo na nyimbo zao za tumaini. Nakiri kwamba wamisionari walizidisha kuikataza ngoma ile, kwani ilikuwa pia njia ya wanaume kuishinda hofu. Lakini waliobeba ujumbe hadi vijijini hawakuwa Wajerumani pekee. Mwaka 1916, vita vilipofika, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na kwa karibu muongo mzima sharika zilisimama juu ya walimu na wazee wa kanisa wenyeji, wakisaidiwa kwa nafasi na Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Watu hao waliendesha misiba, na msibani ndipo fundisho hupimwa.

Upande wa Iringa mambo yalikuwa na sura nyingine. Wabenediktini wa St. Ottilien walianzisha misheni Tosamaganga miaka ya 1890, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakafuata Wakonsolata kutoka Italia. Walutheri wa Berlin walikuwa hapohapo katika nyanda hizo, Kidugala, Lupembe na baadaye Pommern. Watoto wa ukoo mmoja wakajikuta wamegawanywa na ugomvi wa Ulaya ambao kiini chake ni neema hiyohiyo. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulilaani fundisho kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani peke yake, ukisisitiza kuwa neema humbadilisha mtu kwa ndani na kumwezesha kutenda mema. Walutheri walijibu kwamba aliyesamehewa anabaki mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, akimtegemea Kristo hadi pumzi ya mwisho. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na neema hiyo hutufanya upya na kutuita kutenda mema. Wamethodisti waliungana nao mwaka 2006. Ni tukio kubwa, na bado naona aibu jinsi lilivyopita kimya katika mimbari zetu.

Leo, ukipita Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, mabango ya huduma hayahesabiki. Mengi yanahubiri wokovu kwa moyo safi. Mengine yanauza mafuta ya upako na maji ya upako, na yanafundisha kwamba mtu aliyeokoka bado amefungwa na laana ya babu yake mpaka atoe sadaka maalumu ya kuivunja. Fundisho hili lina wateja kwa sababu linajibu swali la zamani. Kijana akifa ghafla, hata wenye Biblia kwapani hunong'ona kwamba hapa kuna mkono wa mtu. Mhubiri anayelitambua hilo anawafahamu watu wake kuliko mchungaji anayejifanya halipo. Lakini anapotoza fedha kwa hilo, amelirudisha deni lilelile ambalo Paulo alisema limefutwa. Laana ya ukoo inayomshinda Kristo mpaka itiliwe fedha ni mtawala wa tatu ambaye waraka kwa Warumi haumjui.

Makanisa makongwe yasicheke. Yenyewe yana kadi ya ahadi ya michango, bahasha na daftari la mahudhurio ya jumuiya. Fedha zinazokusanywa hivyo zinahitajika. Bila michango hakuna mishahara ya wachungaji, hakuna paa. Tatizo huanza mtu anapofariki na viongozi wanapofungua kadi kabla ya kufungua Biblia. Malalamiko haya ni ya kawaida kote nchini: marehemu hakuwa akitoa, hakuwa akihudhuria, basi mchungaji au padri hatakuja, familia itafute mwinjilisti wa kusali kaburini.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, na haifai kuidharau. Mwaka 1937 Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri aliyekuja kunyongwa na Wanazi mwaka 1945, alionya dhidi ya neema rahisi, msamaha usiodai toba. Kutengwa na kurudi kundini, kama tunavyokujua katika Ulutheri na Umoravian, kunaendana na onyo hilo, na nakutetea: mume anayempiga mkewe aambiwe mbele ya wazee kwamba meza ya Bwana inamsubiri atubu. Paulo mwenyewe, mwanzoni mwa sura ya 6, anamkemea anayefikiri aendelee kutenda dhambi ili neema iongezeke. Ila umaskini si dhambi, na hata uvivu wa kuja jumuiya hauko katika mizani moja na kumkana Kristo.

Maandiko ya makanisa yenyewe yako wazi kuliko daftari. Kwa Walutheri, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 7, linasema kanisa lipo pale injili inapohubiriwa kwa usahihi na sakramenti zinapotolewa ipasavyo, na hilo linatosha kwa umoja. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1184 ya sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataja wanaonyimwa maziko ya kikanisa: walioasi imani, wazushi na wafarakano wa wazi, waliochagua kuchomwa moto kwa kuipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa hadharani ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Penye shaka aulizwe askofu. Kanuni ya 1181 inaagiza maskini wasikose maziko yanayostahili. Katibu wa jumuiya na daftari lake hawatajwi popote.