Hitilafu Inayokuja na Kuondoka: Mfano wa Vioo vya Namba vya Mashine ya Pinboli

Mada hii inaunganisha mambo mawili uliyokwisha kusoma: sheria ya Ohm na hatua za uchunguzi wa kisayansi. Soma maelezo, fuatilia hesabu kwa kalamu, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni kabla ya kutazama majibu.

Maana

Hitilafu inayokuja na kuondoka ni kasoro inayojitokeza kwa vipindi. Kifaa hufanya kazi vizuri, kikaharibika ghafla, kisha kikarudi katika hali yake bila kuguswa na mtu. Hitilafu hii ni tofauti na ile ya kudumu, kama fyuzi iliyokatika, ambayo utaikuta palepale kila ukipima.

Kifaa tunachochunguza

Pinboli ni mchezo unaochezwa juu ya meza iliyoinama. Mchezaji hubonyeza vitufe ubavuni ili mikono miwili midogo ipige gololi ya chuma isidondoke chini. Gololi ikigonga shabaha, alama huongezeka. Mashine hizi zilitengenezwa kwa wingi mjini Chicago, Marekani. Tutatumia Eight Ball, iliyotolewa na kampuni ya Bally mwaka 1977.

Mashine hii ina vioo vitano vya namba: vinne vya alama za wachezaji, na kimoja kinachoonyesha michezo iliyolipiwa na gololi inayochezwa. Kila tarakimu huundwa na vijistari saba ndani ya kioo chenye gesi. Vijistari hivyo hung'aa kwa rangi ya chungwa vikipata umeme wa takriban volti 190. Bodi kuu, ambayo ndiyo inayohesabu alama, hutumia volti 5 tu.

Sababu za hitilafu

1. Mtikisiko. Gololi ina uzito wa takriban gramu 80, na hupigwa kwa sumaku ya umeme yenye nguvu. Kila pigo huitikisa mashine. Baada ya miaka mingi, lehemu inayoshikilia pini za plagi kwenye bodi hupata ufa mwembamba.
2. Joto. Metali hutanuka ikipata joto na husinyaa ikipoa. Ufa unaweza kufunguka au kufunga kadiri mashine inavyopata joto.
3. Kulegea kwa plagi. Pini na soketi zisipogusana vizuri, ukinzani huongezeka mahali hapo.

Kwa nini multimita inaweza kukudanganya

Tuchukulie kwamba mkondo wa ampea 1 unakwenda kwenye bodi kuu kupitia pini yenye ufa, na ukinzani wa ufa huo ni omu 0.5.

V = I × R = 1 × 0.5 = volti 0.5

Bodi itapata 5 − 0.5 = volti 4.5. Vifaa vya bodi ya aina hii huhitaji angalau volti 4.75. Kwa hiyo bodi inaweza kukwama kwa muda, na namba zikavurugika au kuzimika.

Sasa chomoa plagi ya bodi, kisha pima volteji kwenye plagi hiyo, baada ya pini yenye ufa. Hakuna mkondo wa maana unaopita, yaani I inakaribia sifuri, hivyo volteji inayopotea nayo inakaribia sifuri. Multimita itasoma volti 5 kamili, ingawa kasoro ipo. Ukizima mashine na kupima ukinzani wa ufa, utapata omu 0.5, kiasi ambacho waya za multimita zenyewe zinaweza kuwa nacho.

Zingatia: volteji hupotea kwenye ukinzani pale tu mkondo unapopita. Kipimo cha maana ni kile kinachofanywa kifaa kikiwa kazini.

Hatua za kutafuta hitilafu

Hatua ya 1: Soma mpangilio wa dalili. Usifungue kitu kabla ya kujua ni sehemu gani imeathirika.

- Vioo vyote vitano vikizimika kwa pamoja, kagua kitu kinachovihudumia vyote, kama chanzo cha volti 190 au bodi kuu.
- Kioo kimoja tu kikizimika, kagua kioo hicho na plagi yake.
- Nafasi ileile ya tarakimu ikizimika katika vioo vyote, kagua waya wa nafasi hiyo, kwa sababu katika mashine hii vioo vyote hutumia waya mmoja kwa kila nafasi.
- Kijistari kimoja kikikosekana katika tarakimu zote za kioo kimoja, kosa liko kwenye bodi ya kioo hicho.

Hatua ya 2: Tafuta hali inayoileta hitilafu. Ndani ya mlango wa sarafu kuna kitufe cha kujipima. Katika hatua ya kupima vioo, namba 0 hadi 9 hupita kwenye vioo vyote huku sumaku za kupiga gololi zikiwa zimetulia. Vioo vikiwa vizuri wakati huo lakini vikavurugika mchezo unapoendelea, shuku mtikisiko kwanza.

Hatua ya 3: Badilisha jambo moja tu kwa wakati. Ukiibana plagi, ukabadilisha waya na ukalehemu pini kwa mpigo, hutajua ni kipi kilichoponya.

Hatua ya 4: Thibitisha. Hitilafu ya aina hii huondoka yenyewe, hivyo kuondoka kwake si ushahidi. Ikiwa ilikuwa ikitokea takriban kila baada ya dakika 10, dakika 5 za utulivu hazithibitishi lolote. Kama ulibadilisha waya, rudisha ule wa zamani: tatizo likirudi pamoja nao, umepata chanzo.

Hatua ya 5: Tengeneza. Pini yenye ufa huondolewa lehemu ya zamani na kulehemiwa upya. Plagi iliyolegea hubadilishiwa vishikio vya ndani. Kusugua pini kwa msasa husaidia kwa muda mfupi tu, kwa kuwa huondoa utando unaoilinda.

Tahadhari: volti 190 zinaweza kuua. Hata mashine ikizimwa, kapasita hubaki na chaji kwa muda. Kazi ya ndani ya mashine ni ya fundi aliyefunzwa. Yeye huzima, huchomoa waya ukutani, husubiri, kisha hupima kuhakikisha kapasita imeisha chaji kabla ya kugusa.

Maswali ya marudio

1. Tarakimu ya tatu imezimika katika vioo vyote vitano vya Eight Ball. Fundi anataka kununua vioo vitano vipya. Je, uamuzi wake ni sahihi? Toa sababu.
2. Pini ina ukinzani wa omu 0.2 na mkondo wa ampea 1.5 unapita. Chanzo kinatoa volti 5. Je, bodi inayohitaji angalau volti 4.75 itafanya kazi?
3. Mwanafunzi alibadilisha waya, akatazama mashine kwa dakika 2, akaandika: "Waya ndio uliokuwa mbovu." Kosoa hitimisho lake.

Majibu

1. Si sahihi. Ni vigumu vioo vitano kuharibika nafasi ileile kwa wakati mmoja. Kinachovihusisha vyote ni waya wa nafasi ya tatu, pini zake na sehemu inayouendesha. Aanze hapo, asije akatumia fedha nyingi na tatizo likabaki.
2. V = 1.5 × 0.2 = volti 0.3. Bodi hupata 5 − 0.3 = volti 4.7, ambazo ni pungufu ya 4.75. Hakuna uhakika kwamba itafanya kazi vizuri.
3. Muda wa kutazama ni mfupi, na hakurudisha waya wa zamani kuona kama tatizo litarudi. Pia, alipochomoa na kuchomeka alizigusa plagi, hivyo huenda plagi iliyolegea ndiyo iliyokaa sawa. Mtahiniwa anayetaja hoja hii ya mwisho anaonyesha kwamba ameielewa mada, kwa sababu ameona kuwa mambo mawili yalibadilika kwa wakati mmoja.